Watu wa Gemu

Ntongai alikuwa na mtaji mmoja tu duniani, nao ulikuwa sura yake. Haikuwa sura nzuri. Uzuri wake ni kwamba haikukumbukika. Ungekutana naye asubuhi mjini Isiolo, mkaongea, mkacheka, na jioni ukampita ukidhani ni karani wa mahali fulani au shemeji wa mtu. Kwa sura hiyo aliwahi kuuza ploti za jangwani zenye upepo wa bahari, akauza dawa ya kuzuia ngamia wasiote ndoto mbaya, akauza hata nafasi za kusimama uani ili kutazama ndege ikipita. Waliouziwa walipokutana kumtafuta, mmoja alisema ni mrefu, mwingine mfupi, wa tatu akaapa kwamba alikuwa mwanamke, na mwishowe wakagombana wao kwa wao.

Juu ya sura hiyo alivaa koti la kijivu lenye mifuko mikubwa, hata jua likiwaka namna gani. Aliamini kwamba mtu anayevumilia koti katika joto la Isiolo lazima awe na cheo, na wengi walimwamini. Koti likianza kutafutwa alilivua tu, akabaki si mtu yeyote.

Siku moja alikuwa amekaa kwenye hoteli ya Njambi akinywa chai ya mtu mwingine. Meza ya pili walikaa vijana wawili, Huqa na Shiku, waliokuwa wakitengeneza gemu za simu katika chumba kilichoko juu ya duka la dawa za mifugo. Nyuso zao zilikuwa za watu waliofiwa.

"Gemu iko sawa," Shiku alikuwa akisema. "Shida haina stori. Mtu anaruka, anaruka, mwisho anajiuliza anaruka kwa nini."

Huqa alisema basi watafute mtu wa kuwaandikia, hata kama si mtaalamu.

Masikio ya Ntongai yalisimama. Hakuwa amewahi kucheza gemu. Na kuhusu kuandika, shuleni aliwahi kuambiwa aandike insha juu ya likizo yake, akaandika kwamba ameisahau. Lakini hii ilikuwa kazi ambayo sharti lake ni kutokuwa mtaalamu! Aliona kama imetangazwa kwa jina lake. Alichukua kikombe, akahamia meza yao.

"Samahani kuingilia," alisema. "Mimi ni mwandishi wa ridhaa."

Neno hilo alilisikia redioni katika habari za mpira. Shiku alipouliza maana yake, Ntongai alieleza kwamba mwandishi wa ridhaa ni yule anayeandika kwa mapenzi tu, ingawa mapenzi nayo hula asubuhi, mchana na jioni. Kabla chai haijapoa walikuwa wamekubaliana. Wangempa laptopu ya ofisi aandikie, na malipo angeyapata Ijumaa akileta hadithi. Wakati wa kupeana mikono, Ntongai aliona mambo yamekwenda vizuri mno hivi kwamba akaongeza maneno ya kupamba.

"Mimi siko kama wale wengine. Nikishauza hadithi, kila kitu iko ndani ni yenu. Sirudi kudai."

Shiku alimwomba ayarudie hayo maneno. Ntongai akayarudia kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu yalimpendeza.

Mtu mwingine angetoroka na laptopu siku hiyo hiyo, na hadithi hii ingekuwa fupi. Ntongai alitaka vyote viwili. Na kwa kuwa hadithi hakuwa nayo, alikwenda zinakopatikana bure, sokoni kwa kina mama wa maziwa ya ngamia, ambako watu hupumzika, huonja na husema.

Alimkuta Mama Sabdio amekaa nyuma ya mitungi yake, mama wa umbo kubwa mwenye macho yasiyo na haraka. Kando yake alikaa Halkano, mfugaji kutoka Kulamawe. Ntongai alitoa salaam, akajibiwa vizuri, akasema kwamba ametumwa na watu wa gemu kukusanya hadithi.

Halkano aliinuka kama aliyeitwa kortini. Hapa lazima nieleze jambo. Kwa kijana wa mjini gemu ni kitu cha simu. Lakini kwa mzee wa huko kwetu aliyekulia malishoni, gemu ni watu wa wanyama pori, wale wa gari la kijani. Simba akila ngamia wako, ndovu akikanyaga mahindi yako, hao ndio unaowaeleza hasara yako ili ufikiriwe fidia. Halkano alikuwa na hasara nyingi za kueleza, na hakuna aliyewahi kumfuata hadi kwenye maziwa kumwomba azieleze.

Mama Sabdio alimtazama Ntongai polepole.

"Gemu gani?"

Ntongai hakuwa mjinga. Alimwona Halkano alivyosimama, akaelewa kosa lilipo. Palikuwa na nafasi ya kulisahihisha. Aliitazama nafasi hiyo, akaiacha ipite.

"Gemu ni gemu, mama."

"Haya," alisema Mama Sabdio, akaendelea kupima maziwa.

Simu zikapigwa Korbesa, zikapigwa Biliqo, na kesho yake watu wakaanza kufika wakiwa na hadithi. Ntongai alizirekodi zote kwa simu, koti likiwa limefungwa hadi shingoni. Mwanzoni zilikuwa hasara za kawaida, mbuzi na fisi. Kisha ikasemekana kwamba hasara kubwa ndiyo hufikiriwa kwanza, na wanyama wa kaunti nzima wakaharibika tabia. Ndovu wa Korbesa alikunywa tangi lote la maji, kisha akafunga mfereji ili asilaumiwe. Nyani wa Biliqo waliiba pikipiki, na aliyeiendesha alikuwa na helmeti. Halkano aliposikia hayo aliona simba wake ni mdogo, akarudi kwenye foleni na kumwongezea kichwa cha pili.

"Kichwa moja haiwezi maliza ngamia wote hao," alieleza. "Wewe fikiria tu."

Ntongai alifikiria, akakubali. Ndipo tamaa ikampanda hadi kichwani. Alitangaza kwamba kila mwenye hadithi atoe mbuzi mmoja wa kufungulia faili. Watu walinung'unika, lakini walitoa, maana jambo lisilodai chochote halionekani kuwa la serikali. Mama Sabdio aliwaona mbuzi wakipita mbele ya mitungi yake. Safari hii aliacha kupima maziwa.

Mbuzi wakawa wengi, na Ntongai hakujua kuchunga hata kuku. Walitawanyika, wakala pazia la chumba chake cha kupanga, wakamtazama kwa dharau. Halkano alimwonea huruma. Alimwambia ajaze mifuko ya koti chumvi, kwani mbuzi humpenda mwenye chumvi kuliko mama yao. Ni kweli, walianza kumfuata kila aendako, wakimnusa kiunoni.

Ijumaa baada ya swala, Ntongai aliwafunga mbuzi nyuma ya duka la dawa za mifugo. Lori la kuwapeleka Nairobi lilikuwa linakuja. Alipanda ngazi na laptopu, akaiweka mezani, akawasikilizisha Huqa na Shiku zile rekodi. Walicheka mpaka Shiku akakaa sakafuni. Rekodi ya ndovu wa mfereji waliirudia mara kadhaa.

"Hii ndio stori, buda," alisema Huqa akifuta macho. "Imebaki mtu wa kuziunganisha. Mtu wa kukimbia. Hebu tukupige picha kidogo, mwandishi aonekane."

Ntongai alirudi nyuma hadi ukutani. Alisema kwamba picha ni mwiko kwao, kwamba macho yanamuuma, kwamba angependa malipo yake sasa hivi. Nje, sauti za watu zilikuwa zikikaribia. Alichungulia dirishani, akamwona Halkano, nyuma yake watu wa Korbesa na wa Biliqo, na mbele ya wote Mama Sabdio.

"Hao ni nani?" aliuliza, ingawa aliwajua.

"Ni Akko amewaleta," Huqa alisema. "Nyanya yangu, yule wa maziwa. Amewaambia gemu ni ya simu, na ni ya nani."

Ntongai aliuliza kwa upole kama kuna ngazi ya nyuma. Ilikuwepo. Aliiteremka akiacha laptopu, malipo na heshima, akaangukia katikati ya mbuzi. Walinusa chumvi. Kamba zikakatika.

"Ntongai," Mama Sabdio aliita kutoka pembeni ya nyumba, bila kupaza sauti. "Nilikuuliza gemu gani."

Hapo ndipo alipokimbia. Alikata soko la mboga, koti likipepea, mbuzi wote nyuma yake wakidai chumvi, na nyuma ya mbuzi wenye mbuzi, ambao hawakuwa na haja naye hata kidogo, walitaka mifugo yao. Aliruka mkokoteni. Aliruka rundo la nyanya. Aliruka mtu aliyelala. Huqa alikuwa dirishani akirekodi kwa simu, hakuacha hata hatua moja impite.

Miezi kadhaa baadaye Ntongai alikuwa Maua, upande wa mlimani, akianza upya. Mbuzi walikuwa wamerudi kwao, lakini sura bado alikuwa nayo, na hiyo ilitosha. Aliingia katika duka la mwanamke aitwaye Rita, akaanza kumweleza juu ya balbu zinazowaka bila stima.

Rita hakuzitazama balbu. "Wewe nimekuona," alisema.

Ntongai hakuwa ameambiwa hivyo tangu azaliwe. Alisema haiwezekani.

"Nimekuona leo asubuhi. Geuka kando. Ndio." Rita alichukua simu yake na kumwonyesha gemu. Ndani yake koti la kijivu lilikuwa linakimbia, mbuzi nyuma, simba wa vichwa viwili mbele, na juu ya koti, wazi kabisa, uso wa Ntongai. "Pole sana. Kila siku nikicheza, unauawa na ndovu."

Ntongai alitoka mlangoni, akampigia Huqa. Alisema sura ile ni yake, mtaji wake, chakula chake, na kwamba mji mzima sasa unamjua.

"Lakini mzee, si ulisema kila kitu iko ndani ya stori ni yetu?"

"Nilisema hadithi!"

"Na wewe uko wapi, si ndani yake?"

Kisha Ntongai alisikia kwenye simu sauti ya Mama Sabdio ikitoa salaam, ikimwambia kwamba sasa yeye ndiye mwandishi wao, wa ridhaa, na kwamba mbuzi wanamsalimia. Simu ikakatwa.

Alipogeuka, Rita alikuwa bado amesimama mlangoni, simu mkononi, akimtazama kwa furaha ya kweli, kama mtu anayempokea mgeni aliyemsubiri.

"Kabla hujaenda," alisema, "ruka kidogo nione."

Ntongai alitazama huku na huku. Maisha yake yote alikuwa amepita kati ya watu bila hata mmoja kumkumbuka, naye alidhani hilo ndilo alilotaka. Alifunga vifungo vya koti, akashika mifuko yake mitupu, akaruka.