Kiti cha Msimamizi wa Shuka

Jumatatu, 9 Juni
Asubuhi manyunyu na upepo wa baridi. Nguo za jirani zimelala kambani usiku kucha. Zimesahauliwa, au zimeachwa makusudi? Nitafuatilia.

Tangazo limebandikwa mlangoni kwetu dobini: anatakiwa msimamizi wa chumba cha nguo safi. Kazi ya kukaa. Ya kukaa! Kiti nimekiona kwa macho yangu, kina mto. Mimi miaka yote nimesimama kwenye pasi, jioni miguu imeumuka kama maandazi, na daktari ameshanionya kwamba nisipopumzisha hii mishipa ataipasua. Kiti kile ni changu.

Wanataka mtu anayejua vitambaa, anayeweza kuweka hesabu ya mizigo, na anayeelewana na wenzake. Kisha chini kabisa: mwombaji ajipime kwanza kabla ya kuomba. Kwa nini tujipime? Wamesikia nini hao?

Nimejipima hata hivyo. Vitambaa, kumi kwa kumi. Hesabu, kumi. Kuelewana na wenzangu, kumi, na ningejiongezea kama wenzangu wangekuwa watu wa kuelewana nao.

Jumanne, 10 Juni
Mawingu. Wifi amepita. Yeye yuko ofisi ya ajira, kutwa anawaelekeza watu namna ya kuomba kazi. Akaziangalia alama zangu, akaangua kicheko. Akasema, “Wifi yangu, hapa hujajipima, umejizawadia.” Ati kila sifa niitolee mfano wa jambo nililolifanya kweli, na penye upungufu niseme wazi, kisha nieleze nitaurekebishaje. Akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilimsaidia mwenzangu kazini. Nikamwambia nakumbuka, ila ni siri.

Tangu lini wifi akamsaidia wifi bure? Anataka nitaje udhaifu wangu kwa mdomo wangu mwenyewe, kesho uwe umefika kwa mama mkwe. Nikamkaribisha chai, nikaikalia ile karatasi mpaka alipoaga.

Alama nimeziacha kama zilivyo.

Jumatano, 11 Juni
Jua la kujificha. Mpinzani wangu ni Mama Pacha, anayekagua na kupanga shuka kwenye rafu. Mtu wa kucheka na kila anayepita. Leo kaniletea maji ya kunywa bila kuombwa. Nimeyamwaga. Meneja naye siku hizi anamwita “dada yangu”. Dada yake kwa upande upi? Hawafanani hata masikio.

Nikawaza: kama ni kupimwa, basi na yeye apimwe. Kwetu kila shuka ina uzi pembeni, mwekundu wa hospitali, kijani wa nyumba ya wageni. Wenzangu walipokwenda kula, nilichukua shuka tatu za hospitali, nikafumua uzi mwekundu, nikashona kijani, nikazichomeka chini ya mzigo wa wageni. Kitambaa cha hospitali ni kizito. Mjuzi akikishika tu anakitambua. Mama Pacha akikipitisha, nitamfichua mbele ya meneja, kwa upole, kama mtu anayeelewana na wenzake.

Mpango safi. Hata miguu leo haiumi sana.

Alhamisi, 12 Juni
Mvua kubwa. Mama Pacha hakuja! Mtoto wake mmoja ana homa. Homa siku hiihii? Nani kamtonya?

Dereva akapakia mzigo mwenyewe bila kukaguliwa. Nilipogeuka kutoka kwenye kola ya shati, gari limeshawaka. Nikatoka mbio mpaka getini huku nikipunga mikono yote miwili. Akadhani namuaga. Akanipigia honi.

Alasiri simu ya nyumba ya wageni. Mgeni wao katandua kitanda apumzike, akakuta katikati ya shuka tundu la duara, limepindwa vizuri kwa cherehani. Ni shuka ya chumba cha upasuaji, ile wanayomfunika mgonjwa pakabaki pa kupitishia kisu. Mgeni kauliza wamepanga kumtoa nini, kisha akabeba begi akaondoka.

Sikujua zina tundu! Zilikuwa zimekunjwa. Nani alizikunja vizuri namna ile?

Ijumaa, 13 Juni
Baridi, ukungu. Usaili. Meneja alituweka waombaji sote pamoja, Mama Pacha amerudi na macho mekundu ya kukesha na mtoto. Swali likawa moja: kosa la jana lilitokeaje, na wewe ungelizuiaje?

Mama Pacha akasema hajui lilivyotokea, ila yeye asipokuwepo lazima awepo mwenzake wa kukagua, na kwamba angeanza kwa kumfundisha dereva. Ndiyo basi! Jibu la mtu asiyejua kitu. Moyo ukanidunda kwa furaha. Nikasimama nikamwaga ujuzi wote. Nikasema shuka zilikuwa tatu, zimelala chini kabisa ya mzigo, uzi wa kijani umeshonwa palepale ulipofumuliwa mwekundu, tena kwa mshono wa mtu mwenye mkono mwepesi.

Meneja akakohoa. Akasema, “Dada, wameniambia shuka moja. Hizo mbili umezijuaje?”

Dereva, aliyeitwa naye kwa ajili ya ule mzigo, akaanza kucheka kichinichini, akanong'ona kuwa kumbe jana sikuwa namuaga.

Wakapiga simu. Zimekutwa zote.

Mama Pacha kapewa kiti. Mimi nimepewa onyo na pasi yangu ileile. Meneja kasema kwa vitambaa sina mpinzani, lakini sifa ya tatu nikaitafute. Alitaka kunifukuza, Mama Pacha akamsihi aniache, ati tumetoka mbali. Namjua. Anataka niwe karibu apate kunichunga.

Jumapili, 15 Juni
Jua kali tangu asubuhi. Wifi karudi. Bohari moja inatafuta mkaguzi wa getini. Wanataka mtu asiyelainishwa na maneno matamu, anayekumbuka nani kaingia na nini, na anayefungua kila mfuko hata wa bosi. Kutwa unakaa kwenye kiti. Wifi akasema, “Hii imekukaa kama umeshonewa. Peleka barua kesho asubuhi, ndiyo mwisho.”

Safari hii nimejipima kwa njia yake. Kila sifa na mfano wake: maji ya Mama Pacha, nguo za jirani, chai ya wifi mwenyewe. Karatasi imejaa mbele na nyuma. Upungufu nimeutafuta kwa haki kabisa, sikuuona. Barua nikaiandika, ikapendeza.

Kisha jasho likanitoka. Kazi gani imfae mtu hivi, bila pengo hata moja? Aliyeliandika hilo tangazo ananijua. Ananijua mno. Na kwa nini wifi aliniletea yeye, tena siku ya mwisho, tena akitabasamu?

Nimeichana barua vipandevipande. Hawanipati! Kesho nasimama kwenye pasi kama kawaida.

Nimelala saa saba usiku, miguu juu ya mto, jicho moja mlangoni.