Watu Milioni Kumi na Saba, na Benedicto Mmoja

Kitahana, Ijumaa, 3 Novemba 1978

Ni vita na Uganda. Redio ya jirani yangu Tunu imesema jana, na leo Tunu anavitangaza dukani kwa mumewe kana kwamba kavianzisha yeye. Anasema Katibu Kata anaandika orodha ya vijana wa mgambo wa kwenda mpakani. Wanane kutoka hapa kwetu. Nikauliza ni akina nani. Akasema, mama Benedicto, wewe mwenye dume refu kuliko mlango ndiye unauliza?

Benedicto ni mwanangu wa pekee. Kata hii haina mwingine kama yeye, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimetumia elimu yangu. Darasa la nne la misheni si mchezo. Nimeazima ramani ya kisomo cha watu wazima, nikakata Uganda kwa karatasi, nikaipanga juu ya Tanzania. Inakaa mara nne. Na bahari hawana, hata ya kuoshea miguu.

Kisha watu. Karani wa sensa alituambia mwezi wa nane kwamba tunakaribia milioni kumi na saba. Wao, mwalimu wa kisomo anasema, kama kumi na mbili. Nikapanga punje za mahindi uani, kumi na saba huku, kumi na mbili kule. Moyo ukatulia. Nikaingia kuchukua kigoda. Kurudi, kuku amekula milioni sita za kwetu.

Ni ishara mbaya hiyo. Evaristi, baba Benedicto, kasema ni kuku tu. Yeye hakusoma.

Lakini hesabu ni hesabu. Nchi kubwa hivi, watu wengi hivi, Benedicto wanamtakia nini? Katibu ni msomi. Ataelewa.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimempelekea Katibu Abdulrahmani kikapu cha maharage, kimefunikwa vizuri. Shida sikuitaja. Kwetu kikapu kinatangulia, neno linafuata siku nyingine. Ukisema siku hiyo hiyo unaonekana umekuja kumnunua mtu. Anayepokea anajua, anasubiri.

Katibu ni mtu wa Tanga. Hakusubiri. Jioni Tunu kaja mbio kunipongeza: jina langu limebandikwa ofisini, la kwanza kabisa, kati ya waliochangia chakula cha askari.

Nikasema asante.

Jumatano, 8 Novemba

Katibu kaniita niseme machache kesho mkutanoni, niwe mfano kwa akina mama. Bahati hiyo. Nitamwaga hesabu zote, naye atajionea kwamba jeshi lina watu wa kutosha. Nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi. Kasikiliza kuliko Evaristi.

Alhamisi, 9 Novemba

Nilianza vizuri. Mara nne. Bahari. Kumi na saba kwa kumi na mbili. Makofi. Nilikuwa nimefika pale pa kusema basi, vijana wetu wabaki walime.

Tunu akanong'ona, kwa sauti ya kusikika Kasulu, kwamba karatasi haipigani vita.

Hapo damu ikachemka. Nikasema hata tungekuwa wachache kuliko wao, kijana kama Benedicto wangu, aliyetoka Kasulu mpaka hapa na gunia begani, angewatosha peke yake.

Kisha vigelegele. Katibu akasimama, macho yamejaa machozi. Akasema mama huyu ametoa chakula, ametoa maneno, na sasa anamtoa mwana. Orodha ilishafungwa tangu Jumanne, akasema, lakini kwa heshima yangu atamwongeza awe wa tisa.

Ilishafungwa. Benedicto hakuwemo.

Watu wote wakanipa mkono. Benedicto aliniangalia kwa mbali. Alitabasamu vile alivyokuwa akitabasamu utotoni akianguka, ili nisijue kaumia.

Jumamosi, 11 Novemba

Lori limeondoka Kibondo saa nne. Nilijiandaa kusimama kama mama wa askari. Tunu ndiye aliyenishika kiuno. Njia nzima ya kurudi hakunitania hata mara moja, nikaogopa zaidi.

Jumatatu, 13 Novemba

Kumbe wako Kasulu kwanza, kwenye mafunzo. Muda upo. Nimemwandikia mkufunzi wao barua, ya kumponda Benedicto tupu, nisirudie kosa.

Nimesema: Ndugu Mkufunzi, naomba mwanangu arudishwe, hafai vitani. Kifua chake kibovu, ingawa kwa mbio hapa hakuna aliyewahi kumshika. Haoni vizuri, kware wa ng'ambo ya mto humpata kwa jiwe la pili. Tena ni mwoga. Chui alipoingia zizini alitoka na mkuki peke yake, lakini mikono ilikuwa inatetemeka, mimi mama yake niliiona.

Nimeisoma mara tatu. Akiimaliza tu, Jumapili Benedicto yuko nyumbani.