Yowe la Wimbo wa Kwanza

Leo nimeaibika, Kwamndolwa nzima ikishuhudia.

Mnaijua bendi yetu, Miba ya Mkonge, ile ya roki ngumu. Albamu ya kwanza imekamilika. Leo Bakari, mtangazaji wa redio, kapanda pikipiki toka Handeni kuja kuisikiliza kwangu. Akiipenda, Jumamosi anaisifu hewani. Akiichukia, tunarudi kupiga kwenye harusi. (Na huko wameshasema hawatutaki.)

Nikaazima spika kubwa za sherehe, nikazipanga uani. Bakari nikampa kiti pekee kisichoyumba.

Sasa, wimbo wa kwanza unaanza bila gitaa wala ngoma. Ni mimi tu, nusu dakika nzima, napiga yowe: "Nakufa jamani! Nakufa!" Mpiga ngoma wetu alinikanya. Nikamwambia hajui sanaa.

Nikabonyeza. Bakari akafumba macho. Nikajua kaingia mtegoni.

Huku kwetu yowe halijadiliwi. Ukilisikia, unatoka mbio na chochote kilichoko mkononi. Kabla gitaa halijalia, ua umejaa mapanga, majembe na ndoo, na dada mmoja kashika mwiko wenye ugali. Mbele yao wote, mama yangu, kanga imepinda, analia kwamba hiyo ni sauti ya mwanawe. Akanikuta natikisa kichwa kufuata mdundo. Wakati huohuo mtu akammwagia Bakari ndoo ya maji. (Alikuwa anazima nini, sijui.)

Nikazima muziki. Mjumbe wetu wa mtaa akasogea, jembe begani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Hapo nikaogopa kweli.

"Nani anakufa hapa?"

"Ni wimbo, mzee."

"Yowe la uongo faini yake jogoo. Unajua?"

"Najua, mzee."

Akamgeukia Bakari, akamuuliza kwa upole nyimbo ziko ngapi humo. Nikamkonyeza. Nikamkonyeza tena. Bakari, maji yakimchuruzika kidevuni, akajibu kwa heshima zote:

"Tisa, mzee."

"Basi majogoo tisa."

Mama kaninunia, hata chakula sijapewa. Bakari yeye alikamua shati, akanipa mkono. Kasema amesikiliza bendi nyingi, lakini hajaona nyingine inayojaza watu kabla haijapiga ala hata moja. Jumamosi anaurusha wimbo wa kwanza hewani, Korogwe na Handeni yote, tena wimbo mzima, na yowe lake.

Msinicheke. Ila ninyi wa Hale na Kwashemshi, siku hiyo redio sauti ya chini. Majogoo wangu wameisha.