Karakana ya Akina Mama na Wake Wanne wa Mzee Haji

(Hotuba ya Bwana Fadhil Nasri, Mkurugenzi Mkuu wa kiwanda cha kamba za katani, aliyoitoa katika uwanja wa kiwanda, Tanga, mwaka mmoja baada ya akina mama wa dunia kukutana Beijing.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hujafika ila kiti chako kimefika, Waheshimiwa Wafadhili wetu wawili, mliovuka bahari kuja kuitazama jenda kwa macho yenu wenyewe, Bi Ruthi wa Muheza, mkalimani wetu, ambaye nakuomba kwa hisani yako usifasiri kila neno, Shekhe wetu wa mtaa, Mwenyekiti wa tawi, uliyekuwa Ndugu na sasa ni Mheshimiwa kwa mujibu wa mageuzi, wafanyakazi wanaume mliobaki, wake zenu, na mwisho kabisa, kwa taadhima zote, akina mama mliopunguzwa kazini, ambao nawaona kule jikoni mkikoroga: assalaam alaykum, Bwana asifiwe kwa wanaohusika, na moshi wa pilau uelekee upande mwingine.

(Makofi kutoka upande wa wanaume. Kule jikoni mwiko unagonga ukingo wa sufuria.)

Leo ni siku adhimu. Leo nafungua rasmi Karakana ya Akina Mama, ile mnayoiona pale nyuma ya utepe, na wale wasioiona wavute subira, maana mradi wa kisasa hautazamwi kwa macho matupu, unatazamwa kwa viashiria, kwa tathmini na kwa mchakato. Na nimesema tangu nilipoteuliwa kwamba mimi ni mtu wa mchakato. Wapo waliokuja hapa kabla yangu wakawa watu wa kamba, wakatengeneza kamba mpaka maghala yakafurika, na wako wapi leo? Wamestaafu. Mimi sijatengeneza hata kamba moja, na bado nipo.

(Wanaume wanacheka. Wafadhili wanacheka baadaye kidogo, Bi Ruthi akishamaliza kufasiri.)

Waheshimiwa, mnaijua hali. Milango ya biashara imefunguliwa, kamba za nailoni zinaingia kupitia mpaka wa Horohoro kwa malori, nyepesi, za rangi ya samawati, na mvuvi wa Mkwaja aliyekuwa akinunua katani yetu sasa anaipita kama haijui. Sisi tukaambiwa tujiendeshe kwa ufanisi. Menejimenti ikakaa, yaani nikakaa, nikaona hapana budi kupitisha redandansi, yaani kupunguza wafanyakazi. Swali likawa, apungue nani? Hapo ndipo, wallahi, nilipoona umuhimu wa kuwa na kiongozi mwenye huruma. Nikasema, mwanamume ukimwondoa kazini, nyumba nzima inalala njaa. Mwanamke ukimwondoa, ana mume wa kumtunza. Nikawapunguza akina mama wote, kwa mapenzi, kwa heshima, na kwa siku moja, ili asibaki mmoja akajiona mpweke.

(Mtu anakohoa. Bi Ruthi anafasiri taratibu, na mmoja wa wafadhili anavua miwani.)

Bi Ruthi, nilikuomba. Haya, tuendelee.

Sasa akatokea mtu, simtaji jina, ila ni Bi Mwanasiti aliyesimama pale na mwiko, aliyekuwa fundi wa mashine ya kuchana katani tangu enzi za foleni za sukari, akapeleka malalamiko kwamba alipunguzwa kwa sababu ya jinsia yake, na kwamba anataka kurudi kwenye mashine yake, hataki kingine. Malalamiko yale yakawafikia wafadhili hawa. Nao wakasema, kwa upole wao, kwamba bila ya asilimia thelathini ya wanawake kazini, msaada wao utakwenda kiwanda kingine. Nakiri nilikasirika. Nililala na hasira siku nzima ya Jumapili. Mimi niwabague akina mama, mimi niliyelelewa na mama?

Nikaambiwa tena, Bwana Mkurugenzi, Bi Mwanasiti ni mjane. Nikajibu kwamba hata mjane ana mume, ila mumewe kwa sasa yuko likizo ndefu.

(Baadhi ya wanaume wanainamisha vichwa. Kule jikoni mwiko umeacha kugonga.)

Ndipo nikabuni stratejia. Nisikilizeni vizuri, maana nasikia viwanda vingine vimeanza kuiulizia. Kama mke alipunguzwa kwa hoja kwamba mume wake yumo kazini kwa niaba yake, basi kwa hoja hiyohiyo mke yumo kazini ndani ya mumewe. Mshahara wanakula pamoja, kwa nini takwimu wasile pamoja? Tukahesabu. Wanaume arobaini, wake arobaini na saba. Wanawake kiwandani kwetu, Waheshimiwa, ni asilimia hamsini na nne! Mliomba thelathini, tumewazidishia kama ada yetu ya kuwakirimu wageni.

(Makofi ya wanaume, mengine ya kusitasita. Wafadhili wanamwuliza Bi Ruthi kama amesikia sawasawa. Bi Ruthi anaitikia kwa kichwa.)

Na hapa sina budi kumpongeza mfanyakazi bora wa mwaka katika nyanja ya jenda, Mzee Haji wa getini, ambaye kwa juhudi zake binafsi, bila ya semina wala posho, ana wake wanne. Simama, Mzee Haji, watu wakuone. Huyu peke yake ni idara. Kijana asiyeoa humu kiwandani nampa mpaka mfungo sita, mwezi wa Maulidi, awe ameoa, vinginevyo nitamhesabu kuwa kikwazo cha maendeleo. Changamoto hazikosekani. Kijana wetu wa stoo alimpa mkewe talaka Ijumaa, takwimu zikashuka papo hapo. Nikamwita ofisini, nikamkalisha, nikamweleza viashiria vya mradi, akamrejea mkewe ndani ya eda. Hiyo ndiyo inayoitwa menejimenti.

(Mzee Haji amesimama nusu, hajui akae au asimame. Bi Mwanasiti anatoka jikoni, anafuta mikono kwenye kanga, anauliza kitu.)

Nani huyo? Bi Mwanasiti, maswali ni baada ya chakula. Haya uliza, wageni wasije wakasema tunawaziba akina mama midomo. Sema kwa sauti.

"Shikamoo Shekhe, na wageni karibuni. Bwana Mkurugenzi, mimi nimehesabiwa kwa mume yupi?"

Swali zuri. Ni swali la kitaalamu. Bi Mwanasiti, wewe uko katika awamu ya pili. Awamu ya pili inakuja baada ya ya kwanza, nayo itategemea upatikanaji wa, wa, wa mume. Nasema kwa nia njema. Na kwa sasa una nafasi ya heshima kubwa kabisa katika shughuli hii, nafasi ya jikoni, ambayo hakuna aliyekunyang'anya.

(Wanawake wa jikoni wanatazamana. Bi Mwamvua, mke mkubwa wa Mzee Haji, anainuka kwenye safu ya mbele.)

Na wewe tena, Bi Mwamvua? Wewe umo tayari, wewe ni mfanyakazi wetu, kaa.

"Mimi sijawahi kushika hata uzi humu ndani. Nitoe mimi, umweke Mwanasiti."

Haiwezekani, Bi Mwamvua, nikikutoa wewe lazima nimtoe Mzee Haji, na nikimtoa Mzee Haji nani atafunga geti? Akina mama, mbona mnafunika masufuria? Pilau halijaiva, nalinusa, halijaiva. Mnasusa? Tafadhalini msisuse. Nawajua nyinyi, mwanamke wa Tanga akisusa shughuli hata maji ya kunawa hayapatikani, lakini hii si arusi, hii ni hafla ya kiserikali, haisuswi! Niliwaita mpike kama mnavyosaidiana siku zote, kwa ujirani, kila mtu na sufuria lake, na nikashukuru moyoni. Leo kila mtu anaondoka na sufuria lake!

(Masufuria yanapita vichwani kuelekea getini, Bi Mwanasiti mbele. Wake wa Mzee Haji wanafuata, kisha wake wa safu nzima. Mzee Haji anawafungulia geti.)

Waheshimiwa Wafadhili, mwakwenda wapi? Bi Ruthi, waambie chakula kitafuata. Hapana, usiwaambie wao ndio wakifuate. Bi Ruthi, na wewe? Naona wamekaa pale kivulini ng'ambo ya barabara, wanapakuliwa, pilau limekwisha kuiva, na Bi Mwanasiti anazungumza, na mfadhili anaitikia kwa kichwa. Anaitikia sana. Mimi nimehutubia muda wote huu hakuitikia hata mara moja.

(Wanaume wanatoka mmojammoja wakidai wanakwenda kuwatafuta wake zao.)

Basi kwa hao mliobaki, yaani Shekhe na fundi wa kipaza sauti, natamka kaulimbiu yetu: Jenda ni Uhai! Mwanamke Kwanza! Ufanisi Oyee! Shekhe, sema oyee.

Nashukuru kwa usikivu wenu. Nawashukuru waliotupa kiwanja cha Karakana hii, ambacho bado ni kiwanja. Nazishukuru mashine za akina mama, zilizovuka Horohoro kwenda kutengenezwa Mombasa na ambazo, kwa vile tulikwisha kuzipokelea fedha, hazitarudi. Nawashukuru mafundi ambao wangeijenga Karakana kama ingejengwa. Na sasa, kwa mamlaka niliyopewa, nakata utepe. Mkasi huu hapa. Utepe uko wapi?

Kumbe. Ulikuwa kamba ya katani, ile ya mwisho aliyoisokota Bi Mwanasiti kabla sijampunguza. Naiona pale ng'ambo, amefungia mfuniko wa sufuria.