Vita vya Ngoma na Mateka Mwenye Njaa

Haya ni kweli tupu. Likipatikana humu neno moja la uongo, jogoo wangu mwekundu achinjwe leo leo.

Kata yetu, hapa njia ya Bulyanhulu, ilitangaziwa vita Jumamosi asubuhi kwa kipaza sauti. Mtangazaji alikuwa Mtendaji wa Kata, Bwana Edson, katoka Mwanza kwenye semina ya sheria za kulinda raia vitani. Alirudi na fulana, kofia na maarifa tele. Alichokosa ni vita tu. Taarifa ya utekelezaji angeijaza nini? Akatazama huku na huku, akawaona Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanafunga njuga kwa mashindano.

"Pande hasimu hizo!" akatangaza. "Wenye njuga ni wapiganaji. Wengine wote ni raia: wafunge kitambaa cheupe mkononi, warudi nyuma mpaka barabarani. Chakula cha raia kisiguswe. Mateka alishwe vizuri!"

Edson hakuzaliwa huku. Hakujua kwamba Bagika na Bagalu hugombea watazamaji, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Uwanja ukabaki na wachezaji, vumbi na mbuzi mmoja, naye kafungwa kitambaa cheupe.

Asteria, mama lishe, alikuwa kapikia umati huo ugali na samaki, sato wa Nkome. Mgambo wakamkuta ndani ya "eneo la mapambano", wakayapakia masufuria yake kwenye pikipiki.

"Shikamoo Mtendaji. Masufuria yangu yana kitambaa cheupe. Siyo raia hayo?"

"Marahaba. Yamehamishwa kwa usalama wao, mama."

"Wanangu wanakula kwa hayo, baba! Usalama wao uko jikoni."

"Ulinzi una maumivu yake," Edson akamfariji.

Mara ngoma zikanyamaza. Nkwabi wa Bagika na Masalu wa Bagalu, watu wasiosalimiana hata kanisani, wakaja wameshikana mikono.

"Mtendaji, umetufukuzia watu. Nani kamshinda nani sasa?"

"Hakuna aliyeshindwa! Hayo ndiyo mafanikio!"

"Basi wewe ni mateka wetu."

"Mimi ni raia!"

"Kitambaa chako kiko wapi?"

Edson akajipapasa mkono. Vyote alikuwa kavigawa, cha mwisho kwa mbuzi.

Wakamkalisha kitini kwa heshima zote, wakamfunga njuga ili akitoroka asikike. Raia kuona Mtendaji kavaa njuga, wakarudi uwanjani mbio, barabara ikabaki tupu. Harufu ya sato ikavuma kutoka kwenye pikipiki. Tumbo la mateka likanguruma.

"Sheria inasema mateka alishwe!"

"Tunaiheshimu sana," akasema Nkwabi. "Ila chakula kimehamishwa kwa usalama wake."

Edson akatafakari sheria kwa kina, hasa kichwa cha yule sato.

"Mgambo! Rudisheni masufuria ya mama! Na msiyaguse tena!"

Asteria akampakulia. Masalu akatangaza mshindi wa mwaka: Mtendaji, maana hakuna aliyewahi kuvuta umati kama ule. Naye akala sahani moja, akashukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana", akaondoka njuga zikimlilia mpaka ofisini.

"Sahani moja?" Asteria kaniinamia begani, anasoma haya ninayoandika. "Mzee Mayala, muongo mkubwa! Alikula tatu, akalamba na mwiko!"

Jogoo yuko jikoni kwake sasa hivi. Nilimfunga kitambaa cheupe. Hakikumsaidia.