Chumvi ya Mama Mkwe kwa Njia ya Reli

Jumatano, 6 Juni
Giaboksi ya treni yangu ya mfano imefika! Inaenea kiganjani. Gia za shaba, ekseli, mota ndogo kama kidole gumba, na karatasi ya maelekezo ambayo sitaihitaji. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa pampu na mjuaji wa kila kitu, alipita akasema bora ningenunua iliyokwisha kuunganishwa. Nilimwambia asiniharibie siku.

Mke wangu naye katoa sharti. Mama yake anakuja kula Jumapili. Kichwa changu cha treni kikitembea vizuri mbele ya mama, meza ya kulia inabaki karakana yangu. Kisipotembea, kila kitu kinaingia kwenye katoni, na meza inarudi kuwa meza. Nilikubali kabla hajamaliza. Reli nitailaza kutoka kiti changu hadi kiti cha mama mkwe, na treni itampelekea chumvi. Nimecheka peke yangu mpaka nikapaliwa.

Alhamisi, 7 Juni
Nimeunganisha. Gia zimegoma. Nimesoma maelekezo, kwa kuyapitia tu. Yanasema meno ya gia yasibanane mno: pitisha ukanda wa karatasi katikati, kaza skrubu, kisha vuta karatasi. Karatasi nyingine haikuwepo karibu. Nikachana ukanda wa chini wa maelekezo yenyewe. Ulikuwa na mchoro wa nyaya tu, nyekundu na nyeusi.

Zinazunguka! Grisi sina, nimepaka mafuta ya nywele ya mke wangu. Kichwa cha treni kinanukia saluni.

Ijumaa, 8 Juni
Nimekitia betri tumboni. Kimetembea! Niliruka nikagonga taa. Halafu nikaona kinakwenda kinyumenyume.

Shemeji, ambaye hakuna aliyemwalika, akasema nyaya za mota zimepishana, nibadilishe nyekundu na nyeusi, basi. Akatafuta mchoro kwenye maelekezo. Akauliza nani kachana. Nikakohoa. Siwezi kupokea ushauri wa mtu anayecheka huku mdomo umejaa mkate wangu.

Jumamosi, 9 Juni
Nimepata dawa! Bodi ya juu, ganda la kichwa, inang'oka. Nimeing'oa, nikaigeuza, nikairudisha. Sasa nyuma ndiyo mbele, na nyaya sijazigusa hata kwa ncha ya bisibisi. Shemeji atatafuta pa kuficha uso. Sikuijaribu, maana kujaribu ni kujitilia shaka. Nimekwenda kuoga nikiimba.

Jumapili, 10 Juni
Mama mkwe kaketi. Nikatoa hotuba fupi kuhusu meno ya gia. Nikaweka mkebe wa chumvi kwenye behewa, nyuma ya kichwa. Nikabonyeza swichi.

Treni ikaja kwangu. Kinyumenyume, kwa kasi, na chumvi yote ikamwagika mapajani mwangu.

Mke wangu akaitazama sahani yake. Akasema jana nilipokuwa bafuni alinionea huruma, akamwita kaka yake wabadilishe nyaya kimyakimya, nisije nikaaibika mbele ya mama. Alitaka nishinde! Nilifurahi mpaka nikasahau chumvi. Shemeji akaeleza kwa vijiko kwamba ukigeuza kimoja, bodi au nyaya, treni inakwenda mbele. Ukigeuza vyote viwili, unarudi ulipoanzia. Nilikuwa najipangusa suruali, sikusikiliza sana.

Mama mkwe akasema daktari alishamkataza chumvi, na kwamba kichwa hicho kina akili kuliko cha mwenyewe. Kisha akacheka mpaka akatoa machozi. Anataka kuja tena Jumapili ijayo aone. Kwa ajili yake, mke wangu ameniachia meza wiki moja zaidi. Ya mwisho, kasema.

Jumatatu, 11 Juni
Wiki nzima! Safari hii sibahatishi. Leo nimeigeuza tena bodi. Na kwa usalama zaidi, nimebadilisha na nyaya.