Nabii Bado Anafikiria

Kaburu wa Kinoru alikuwa amekuja Kianjokoma na pikapu yake kutafuta mtu wa kumlaghai, akamsikia mwenyekiti Marcella akilia sokoni kwamba kompyuta ya chama cha maziwa hukwama kila asubuhi na maziwa yanachacha kwenye foleni. Wewe na mimi tungesema pole. Kaburu alinunua soda mbili akaenda kuketi karibu naye.

"Mama, nina programu inaitwa Nabii. Unamwonyesha programu nyingine yoyote, anakwambia kama itamaliza kazi isimame, ama itazunguka milele. Kabla hujaiwasha!"

"Yoyote?"

"Yoyote, mama."

Marcella tayari alijiona akikodisha Nabii kwa vyama vya jirani, bila kuwasumbua wanachama na habari hizo. Kaburu aliitisha bei moja tu: mtamba wa Marcella mwenye mimba.

Sasa, msomaji, nikuibie siri. Nabii hakuwa na akili hata kidogo. Simu iliyokuwa mfukoni mwa Kaburu ndiyo ilijibu: akibonyeza mara moja, kompyuta inaandika ITASIMAMA, mara mbili, HAITASIMAMA. Alileta ofisini kwa chama programu sita za majaribio alizozikariri mwenyewe, na Nabii akapata zote sita. Watu walipiga makofi, Marcella akaenda kuleta kamba ya mtamba.

Ndipo binti ya Marcella, Wambeti, mwalimu wa hesabu kule Kaaga aliyekuwa nyumbani likizoni, akasema, "Haiwezekani. Hakuna programu inaweza kujua hayo kwa programu zote."

"Mwalimu, unaogopa maendeleo?"

"Si tuandikishane basi? Nabii akijibu sawa programu yangu moja, chukua mtamba. Akikosea, pikapu yako ni ya chama. Na mpaka ajibu, pikapu inafanya kazi ya chama."

"Mradi niisome kwanza," Kaburu akasema, akatia sahihi kwa madaha. Programu ya mwalimu wa hesabu ingemtisha nani?

Wambeti aliandika mistari minne. Kaburu akaisoma, kisha akaisoma tena polepole.

"Ni rahisi," Wambeti akaeleza watu. "Programu yangu inamuuliza Nabii: mimi nitasimama? Akisema nitasimama, nazunguka milele. Akisema sitasimama, nasimama hapo hapo."

Kidole cha Kaburu kiligusa simu mfukoni. Akibonyeza mara moja, amekosea. Mara mbili, amekosea. Yesu wangu! Alitoa mkono mfukoni.

"Nabii anafikiria," akasema.

"Zile sita alijibu kabla sijapiga chafya," Marcella akasema.

"Hii ni nzito, mama."

"Hakuna haraka," Wambeti akasema, akinyoosha mkono apewe ufunguo.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufikia Ijumaa pikapu ilikuwa inapeleka maziwa Embu mara mbili kwa siku, Marcella mwenyewe kwenye usukani, akipiga honi hata pasipo na mtu. Kaburu alishinda langoni mwa chama juu ya kreti, akinywa chai ya kuonewa huruma, roho ikimuuma kila gari lake lilipompita. Akijibu, limeenda. Asipojibu, halirudi.

Marcella akasimamisha gari, akatoa kichwa dirishani.

"Kijana, niambie ukweli wa Mungu. Huyo Nabii wako atawahi kujibu, ama atakaa hivyo milele?"

Kaburu alitazama magurudumu yake.

"Mama, hiyo hakuna mtu anaweza kujua."

"Haya. Basi ondoa miguu barabarani, nipite na maziwa."